Usimsemee Kabla Hujamsikia

Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa mstarini asubuhi, mikono mbele, mwalimu wa zamu akikagua kucha, mara mwenzetu mmoja wa mstari wa mbele akaanguka kifudifudi na kuanza kutetemeka. Povu likamtoka. Mstari wote ukatawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokimbia mbali zaidi, kwa sababu nyumbani tulikuwa tumeambiwa kwamba povu lile likikugusa, nawe utaanguka maisha yako yote. Aliyemwendea hakuwa mwalimu. Alikuwa mama mpishi wa uji. Alikuja na mwiko mkononi, akauweka chini, akavua khanga yake ya juu, akaikunja, akamwekea mtoto chini ya kichwa, akamgeuza ubavu, kisha akakaa naye pale pale vumbini mpaka hali ikatulia.

Kuanzia siku ile mwenzetu alikuwa na kikombe chake peke yake, kilichopakwa rangi nyekundu kitako ili mwingine asije akakichukua kwa bahati mbaya. Muhula uliofuata hakurudi. Tulisema ana shetani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa unalijua: kwamba mwaka mmoja nyuma alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, akapiga kichwa, akalala siku kadhaa hajitambui. Mwembe tuliusahau, lawama tukampa shetani.

Ndugu msomaji, nina ombi kwako, na nitalifikia. Lakini kwanza nataka nikutambulishe kwa mtu wa mbali, maana nilipoyasoma maisha yake nilikiona kile kikombe chekundu tena, safari hii katika nchi tajiri yenye hospitali za kila aina.

Anaitwa Tony Coelho. Alizaliwa mwaka 1942 huko Los Banos, katika bonde la kilimo la California, Marekani, katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wenye asili ya Ureno. Watu wa kanisa, watu wa kuamka alfajiri kukamua. Akiwa kijana wa sekondari, gari la pikapu alilokuwamo lilipinduka, naye akaumia kichwa. Maumivu yalipoa, maisha yakaendelea. Baadaye akaanza kuanguka.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotea. Aliyewahi kunywa supu ya kichwa cha mbuzi anajua ubongo ulivyo laini. Nyama hiyo laini ndiyo iliyowekwa ndani ya fuvu gumu, ikaelea kwenye maji. Kichwa kikigonga lami, kikigonga kioo cha gari au mzizi wa mwembe, fuvu husimama ghafla lakini ubongo unaendelea kwenda, ukajigonga kwa ndani, ukavimba, ukachubuka. Ngozi ya nje hupona na nywele zikaota. Ndani hubaki kovu. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo mdogo, na penye kovu mazungumzo hayo yanaweza kuvurugika, hata siku moja umeme ukafumka kwa mpigo na mwili wote ukatetemeka. Hicho ndicho kifafa kinachotokana na jeraha. Kinaweza kuchelewa miezi, kinaweza kuchelewa miaka, na ndiyo maana watu hawakihusishi na ajali. Huwa wameshasahau.

Wazazi wa Coelho walikuwa na maelezo yao, na maelezo hayo ungeweza kuyasikia Mbagala au Malindi bila kubadilisha hata neno moja. Waliamini kwamba anayeanguka amepagawa, au kwamba katika ukoo kuna dhambi inayolipwa. Wakampeleka kwa waganga. Jina la ugonjwa wake yeye mwenyewe alikuja kulisikia mwaka 1964, akiwa anamaliza Chuo Kikuu cha Loyola mjini Los Angeles, ambako alikuwa kiongozi wa wanafunzi. Kifo cha Rais Kennedy mwaka uliotangulia kilikuwa kimemgusa sana, akaacha ndoto ya uanasheria, akaamua kuwa padri wa Shirika la Wajesuti. Ilikuwa lazima apimwe afya kabla ya kupokelewa. Daktari akamwambia una kifafa, na kwa sababu hiyo jeshi halitakuchukua. Mwaka huo wa vita ya Vietnam wapo vijana ambao wangeruka kwa furaha. Kisha akamwambia na la pili: upadri pia huupati. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwataja wenye kifafa pamoja na waliopagawa katika orodha ya wasiofaa kupewa daraja takatifu. Sheria mpya za mwaka 1983 ziliuondoa mstari huo, lakini wakati huo yeye alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 40.

Ndani ya majuma machache mambo yakamwendea kombo moja baada ya jingine. Leseni ya udereva ikachukuliwa. Bima ya afya ikafutwa. Nyumbani wazazi wakakataa kabisa kwamba mtoto wao anaweza kuwa na kifafa, na uhusiano wao ukavunjika kwa muda mrefu. Akaanza kutafuta kazi. Fomu za kuomba kazi za siku hizo zilikuwa na orodha ya magonjwa, kila ugonjwa na kisanduku chake cha kuweka alama. Kifafa kilikuwamo. Huyu alikuwa kiongozi wa wanafunzi wa chuo kizima, mwenye shahada mkononi, na kwa kuwa hakutaka kusema uongo aliweka alama. Hakuitwa popote.

Akawa mlevi. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kulificha, na kwa sababu ni neno tunalowavurumishia wengi walioumia kichwa, wawe wanakunywa au hawanywi. Alifika mahali pa kutaka kujiua. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akikaa juu ya kilima katika bustani ya Griffith mjini Los Angeles, siku nzima, na chupa yake. Siku moja akiwa hapo akawatazama watoto waliokuwa chini wakizungushwa kwenye farasi wa mbao, wakicheka. Anasema aliamua hapo hapo kwamba naye ataishi kama wale watoto, na hataruhusu kitu kimsimamishe tena.

Mimi huwa sina imani sana na hadithi za mtu kubadilika kwa dakika moja. Maisha ya watu ninaowafahamu hayaendi hivyo. Na ukiifuatilia vizuri hadithi hii utaona kwamba farasi wa mbao hawakumfikisha mbali peke yao. Kilichofuata ni kwamba padri mmoja rafiki yake alimtafutia mahali pa kuishi na kufanya kazi, nyumbani kwa Bob Hope, mchekeshaji aliyekuwa na jina kubwa sana Marekani wakati ule. Kijana aliyekataliwa kwao akaishi katika nyumba ile karibu mwaka mzima. Ni Hope aliyemwambia kwamba wito wa kuhudumia watu anao, ila amekosea kudhani unafanyika kanisani tu. Serikalini pia unafanyika, na labda angeomba kazi kwa mbunge. Akaandika barua kwa mbunge wa kwao, B. F. Sisk, akapokelewa mwaka 1965, akafanya kazi katika ofisi ile miaka 13.

Kwa hiyo kabla ya kuitwa mtetezi, kuna mtu aliyempa chumba, akamsikiliza, akamwambia neno moja la maana. Mengine aliyafanya mwenyewe.

Sisk alipostaafu, Coelho akagombea kiti chake mwaka 1978. Mpinzani wake akautoa ugonjwa hadharani: itakuwaje mbunge huyu akienda Ikulu kujadili jambo zito la jimbo, akaanguka huko huko? Waandishi wakamfuata Coelho na swali hilo. Akajibu kwamba kwa miaka 13 aliyokaa Washington ameona wengi wakienda Ikulu na kupandwa na wazimu; yeye angalau ana sababu. Alishinda. Mwanzoni mwa mwaka 1987 alikuwa mnadhimu wa chama cha Democratic katika Baraza la Wawakilishi, wa kwanza kuchaguliwa na wabunge wenzake badala ya kuteuliwa, na cheo hicho kilikuwa kimoja kati ya vitatu vya juu vya chama chake humo ndani.

Mwezi Aprili mwaka 1988, yeye kwenye Baraza la Wawakilishi na Lowell Weicker kwenye Seneti, waliwasilisha muswada wa Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu. Haukupita mwaka ule. Mwaka uliofuata Coelho akajiuzulu ubunge kutokana na maswali juu ya uwekezaji wake wa fedha. Nimeliweka hili makusudi. Tuna tabia ya kumtaka mwenye ulemavu awe malaika ndipo tumsikilize, na akikosea kama binadamu wengine tunamfuta pamoja na hoja yake. Coelho aliondoka bungeni kwa aibu, lakini muswada alikuwa ameshaukabidhi kwa mwenzake Steny Hoyer, na kwenye Seneti ulikuwa mikononi mwa Tom Harkin, ambaye kaka yake alikuwa kiziwi. Justin Dart, mwenye kiti cha magurudumu, alikuwa amezunguka majimbo yote 50 akikusanya shuhuda za watu. Machi 12, 1990, watu kadhaa wenye ulemavu waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge, wakazipanda kwa kutambaa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka minane. Julai 26, 1990, Rais George Bush mkubwa akatia saini.

Sheria hiyo ni ndefu, na wengi wanaikumbuka kwa njia za mteremko kwenye majengo na mabasi yenye lifti. Mimi nakuomba uangalie kipengele kimoja tu. Chini ya sheria hiyo mwajiri haruhusiwi kumuuliza mwombaji kazi habari za ugonjwa au ulemavu wake kabla ya kuamua kumpa kazi. Anaweza kumuuliza kama kazi yenyewe ataiweza. Maana yake ni kwamba kile kisanduku kwenye fomu kimefutwa.

Nani angekijua kisanduku hicho kama mtu aliyekijaza? Mwanasheria aliyesoma vizuri angeandika juu ya haki na usawa, maneno makubwa na mazuri. Daktari angeandika juu ya dawa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni yule aliyeishika kalamu, akaiona karatasi, akaweka alama na kungoja simu isiyopigwa, ndiye anayejua shida ilikaa mstari wa ngapi.

Na hata hapo kazi haikuisha. Mwishoni mwa miaka ya tisini mahakama za Marekani zilianza kuisoma sheria ile kwa namna ya ajabu: kwamba kama dawa inakusaidia usianguke, basi wewe huna ulemavu wa kulindwa na sheria. Yaani mwajiri anakufukuza kwa sababu una kifafa, ukienda mahakamani unaambiwa huna kifafa cha kutosha. Coelho, akiwa raia tu, alirudi kugonga milango pamoja na wengine mpaka mwaka 2008 sheria ikarekebishwa. Mwaka 2018 kituo cha sheria na haki za watu wenye ulemavu chenye jina lake kilianzishwa pale pale Loyola, chuo alichokimaliza mwaka uleule alioambiwa ugonjwa wake.

Sasa turudi nyumbani.

Kwetu habari hizi si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norwei, Louise Aall, alikuta huko Mahenge, milimani Ulanga, Tanzania, kifafa kikiwa kingi kupita kiasi. Alikuta watu wenye makovu ya moto mikononi na usoni, kwa sababu walianguka jikoni kwenye mafiga na jamaa wakaogopa kuwashika. Akaanzisha kliniki, akawapa vidonge vya fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na watu wengi waliokuwa wametengwa wakarudi mashambani na kwenye sherehe. Kifafa cha Mahenge kina visababishi vyake, si cha ajali peke yake. Lakini makovu yale hayakuwa ya kifafa. Moto ndio uliochoma, na woga wa majirani ndio uliowaacha humo. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo.

Na si kila aliyeumia kichwa anaanguka. Wengi hawaanguki kabisa, na hao ndio tunaowakosea zaidi.

Kila mtaa unaye. Alikuwa dereva wa bodaboda, au fundi aliyeteleza kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, au mama aliyekuwa kwenye basi lililoacha njia, au mke aliyepigwa na mumewe, na hili la mwisho tunalisema kwa sauti ya chini. Alilazwa, tukachanga, tukaenda kumwona na machungwa. Akarudi. Tukamwambia Mungu ni mwema, umepona. Anatembea, anasalimia, hana gongo wala bandeji. Kisha yakaanza mambo. Amesimama gengeni, ameshika noti ya elfu tano, anataka nyanya za elfu moja na mia tano, na chenji aliyopewa anaihesabu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wateja nyuma yake wanaguna. Muuzaji anamwambia, "Kaka, vipi, umeamkia ulabu?" Hajanywa. Hesabu inamponyoka katikati kama sabuni. Jana alikuahidi kuja msibani, hakuja, hakudharau, ilifutika. Zamani alikuwa mpole, siku hizi akikatishwa maneno anafoka, kisha anajutia peke yake. Saa saba mchana amelala wakati wenzake wako kazini, na ndugu wanasema amekuwa mvivu, wakati ubongo wake umetumia nguvu ya siku nzima kumaliza asubuhi. Au neno analijua, analiona kabisa, ila haliji mdomoni; anataka kusema "ufunguo", anasema "kile, kile cha mlango", na sisi kwa wema wetu tunammalizia sentensi, tunakosea, na yeye anakata tamaa ya kusema.

Tunamwita mlevi, au tunasema amerogwa, au ana kiburi. Nina hakika wengine wanaosoma hapa ndio wanaoitwa hivyo.

Ulemavu huu hauna picha. Mfadhili akija na viti vya magurudumu na wapiga picha, huyu hapangwi mstarini, kwa sababu picha yake ingeonyesha mtu mzima amesimama tu. Hata kwenye vyama vya watu wenye ulemavu, wasioona wana chama, viziwi wana chama, wenye ualbino wana chama, na wamevipigania vyama hivyo kwa jasho. Aliyeumia ubongo mara nyingi hajui hata kwamba neno ulemavu linamhusu. Amekaa nyumbani anangoja kupona.

Ndiyo maana naomba jambo dogo. Siombi mchango, angalau si leo. Naomba umjue mtu huyo mmoja wa mtaani kwako, umjue kama unavyomjua muuza chipsi wako, kwa jina na tabia na utani wake. Muulize kinachomshinda hasa, na kinachomsaidia. Utashangaa majibu yalivyo madogo na yanayotekelezeka. Kuna atakayesema hawezi kufuata maongezi watu watatu wakisema kwa pamoja. Mwingine atasema angeweza kazi ya saa nne kila asubuhi, lakini hakuna anayetoa kazi ya saa nne. Yuko atakayesema anahitaji mtu wa kumkumbusha vidonge tu, basi. Sisi tungekaa kikao na kuamua kumnunulia godoro.

Kisha mpeleke mbele za watu akayaseme mwenyewe. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Inataka pia kuwe na kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Katika mikopo ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni ya kundi hili. Kenya nayo imeandika katika Ibara ya 54 ya Katiba yake ya mwaka 2010 kwamba watu wenye ulemavu wapate hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Mlango upo, ila mara nyingi tunaoingia ni sisi wasemaji wazuri, tunaosema kwa niaba. Mwenyekiti wa mtaa, ukimkaribisha mtu wa namna hii kwenye mkutano, mpe ajenda siku mbili kabla na imeandikwa. Mpe nafasi ya kwanza kusema, si ya mwisho wakati amechoka na watu wanaangalia saa. Akinyamaza katikati ya sentensi, wote nyamazeni naye. Sekunde 20 za kimya mkutanoni huonekana ndefu kama foleni ya benki, lakini hazijawahi kumuua mtu.

Mwajiri, ichukue fomu yenu ya kuomba kazi uisome leo. Tafuta kama kisanduku cha Coelho kimo. Kama kimo, unajua la kufanya.

Walimu, mtoto akianguka mstarini, msiwaache wengine wakimbie. Ondoeni kilicho kigumu karibu yake, wekeni kitu laini chini ya kichwa, mgeuzeni ubavu ili mate yatoke, na mmoja aangalie saa. Msimkandamize, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, ulimi haumezwi. Ikipita dakika tano bado anatetemeka, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbizeni hospitali. Akiamka atakuwa amechanganyikiwa na ameona haya, huenda amejikojolea. Mfunikeni. Na mwiteni jina lake. Povu haliambukizi. Mama yule wa uji alilijua hilo miaka mingi iliyopita, na sidhani kama aliwahi kuhudhuria semina yoyote.

Vijana wa kijiweni, kwenu nina moja tu, na mmelisikia mpaka limewachosha: kofia ngumu. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi juu ya pikipiki ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Hiyo ni kofia iliyofungwa mkanda kidevuni. Ile inayoning'inia kwenye kioo cha pikipiki inalinda kioo. Kama hamnisikilizi mimi, na sioni kwa nini mnisikilize, mwombeni mwenzenu aliyeumia aje akae nanyi kijiweni saa moja. Msimwandalie hotuba. Kaeni naye tu, anunuliwe chai, mwone anavyoihesabu chenji.

Mwenzangu wa darasa la nne sijamwona tena. Nimeuliza kwa waliobaki kule, nikapewa majibu matatu yasiyofanana. Akiwa hai tumelingana umri, na sina shaka ana mengi ya kueleza juu ya kikombe kile kuliko mimi niliyekitazama kwa mbali.

Wako wewe yupo karibu. Nenda Jumapili hii. Nenda asubuhi, kabla jua na kelele hazijamchosha. Omba wazime redio. Muulize swali moja, kisha ngoja ajibu.